"Una ruhusa ya kufanya kazi hapa?" Mwongozo kamili wa kujibu swali linaloangusha maombi ya kazi za nje

Maombi mengi ya kazi za nje hayaangushwi na CV. Yanaanguka kwenye kiswali kimoja cha fomu ambacho mwombaji hukijibu kwa sekunde mbili: je, una haki ya kufanya kazi katika nchi hii?

Mtu aliyeko Mbeya au Kisumu analisoma kama swali la utayari. Anajibu "Ndiyo" kwa moyo mmoja, anaitwa kwenye usaili, anafurahi, kisha anaombwa hati ya kuthibitisha jibu lake na safari inaishia hapo. Mwingine anajibu "Hapana" kwa ukweli kabisa, lakini kila siku anaomba kwa waajiri ambao hata wangempenda vipi, sheria haiwaruhusu kumleta. Miezi inakwenda, na wote wawili wanaamini tatizo ni vyeti vyao.

Tenganisha mambo mawili kabla hujaendelea. Sifa za kazi ni zako: elimu, uzoefu, lugha. Ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na serikali ya nchi ile, na mara nyingi hupitia mkononi mwa mwajiri. Unaweza kuwa na sifa zote za kazi na ruhusa usiwe nayo. Mwongozo huu unahusu hiyo ruhusa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye muda wa kutosha. Ikiwa imebakiza chini ya mwaka, ihuishe kwanza. Kanada, kwa mfano, haitoi kibali cha kazi kinachovuka tarehe ya mwisho ya pasipoti.
- Cheti cha kuzaliwa. Kwa Tanzania, kifanyiwe uhakiki mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo.
- Vyeti vya elimu pamoja na orodha ya masomo na alama kutoka chuoni.
- Barua za waajiri zinazotaja cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki na majukumu. Barua inayosema tu "alikuwa mfanyakazi mwaminifu" haina kazi hapa.
- Usajili wa taaluma ulio hai, kama kazi yako ni ya taaluma inayosimamiwa: uuguzi, udaktari, ufamasia, ualimu.
- Majibu ya mtihani wa lugha, au angalau tarehe ya kufanya mtihani. Majibu ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hutumika kwa miaka 2 tu.
- Barua pepe moja yenye jina lako halisi, na daftari la kuandika kila ulikoomba na ulichojibu.

Hati ya polisi ya tabia njema usiikimbilie. Nchi nyingi huitaka iwe ya karibuni, na ukiichukua leo kwa kazi ya mwakani utailipia mara mbili.

Sasa tazama majina. Panga hati zako zote mezani na usome jina herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi, pasipoti inasema Mwanahidi. Cheti cha chuo kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu, na jina la babu limeruka. Kwetu hilo halimshtui mtu. Kwa ofisa wa viza, hao ni watu wawili mpaka uthibitishe vinginevyo. Rekebisha sasa, kwa kusahihisha hati yenyewe inapowezekana au kwa hati ya kisheria ya majina kupitia wakili, na nakala yake ikae pamoja na pasipoti. Usisubiri upate ofa, kwa sababu ofa ina tarehe na ofisi zetu zina foleni.

Hatua ya 1: Jua uko kundi gani

Kila mwombaji yuko katika moja ya makundi haya kwa nchi anayoilenga.

Kundi la kwanza ni raia au mkazi wa kudumu wa nchi hiyo. Huyu anafanya kazi yoyote, hamhitaji mdhamini.

La pili ni mwenye viza inayoruhusu kazi bila kufungwa kwa mwajiri mmoja, mathalani mwenza wa mtu mwenye kibali katika nchi zinazoruhusu hivyo.

La tatu ni mwenye ruhusa yenye mipaka. Mwanafunzi wa shahada Uingereza kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo; Kanada, tangu Novemba 2024, mwanafunzi anaruhusiwa saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Anayo ruhusa, ila si kwa kila kazi.

La nne ni wewe uliyeko nyumbani bila viza yoyote ya huko. Huna ruhusa leo, na utahitaji udhamini wa mwajiri au njia nyingine rasmi ya kuingia. Wasomaji wengi wa mwongozo huu wako hapa, na si aibu kulisema.

Angalizo: viza ya matembezi haikutoi kundi la nne. Kuingia Dubai, London au Toronto kwa viza ya utalii na kuanza kazi ni kuvunja sheria ya nchi hiyo. Dalali anayesema "ingia kwanza, mengine tutayamaliza huko huko" anakuuzia hatari ambayo yeye hataibeba.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja ya kweli: "Kwa nchi fulani, niko kundi fulani, na hati inayothibitisha ni hii."

Hatua ya 2: Chagua nchi moja na usome njia yake

Anayeomba nchi saba kwa mkupuo hujifunza sheria za nchi sifuri. Chagua moja, usome tovuti ya serikali yake yenyewe, kisha uamue kama njia ipo kwako. Hivi ndivyo baadhi ya nchi wanazoziulizia watu wetu zinavyofanya kazi.

*Uingereza.* Njia kuu ni viza ya Skilled Worker. Mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini, na akupe cheti cha udhamini ambacho si karatasi bali ni rekodi ya kielektroniki yenye namba yake. Tangu 22 Julai 2025 kazi mpya kwa ujumla lazima ziwe za ngazi ya shahada, na mshahara wa kawaida usipungue pauni 41,700 kwa mwaka au kiwango cha kazi husika, kile kilicho kikubwa. Baadhi ya makundi, kama wauguzi na walimu wanaolipwa kwa ngazi za kitaifa, yana viwango vyake. Tarehe hiyo hiyo ilifunga mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje. Anayekuuzia leo "kazi ya care Uingereza" ukiwa Tanga au Nakuru anakuuzia kitu ambacho hakipo. Kuanzia 8 Januari 2026, Kiingereza kinachotakiwa kwa waombaji wapya wa viza hiyo ni ngazi ya B2 (katika mizani ya Ulaya inayoanzia A1, ya chini, hadi C2, ya juu). Waombaji walioko Kenya na Tanzania wanahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa.

*Kanada.* Kwa vibali vingi vilivyofungwa kwa mwajiri mmoja, mwajiri huomba kwanza tathmini ya soko la ajira iitwayo LMIA, kuonyesha kwamba amemkosa mtu wa pale. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na sheria inamkataza mwajiri kukudai wewe fedha hiyo.

*Ujerumani.* Hapa kuna njia ya kwenda kutafuta kazi ukiwa huko: Chancenkarte, iliyoanza 1 Juni 2024. Unahitaji shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na nchi ulikosomea, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, alama zisizopungua 6 katika mfumo wao wa pointi, na fedha za kujikimu. Ukiwa nayo unaruhusiwa kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki huku ukitafuta ajira kamili. Kuhusu makubaliano ya Kenya na Ujerumani yaliyosainiwa Berlin 13 Septemba 2024: yapo, lakini zile habari za nafasi 250,000 zilikanushwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe. Makubaliano hayana idadi, na kila mwombaji hupimwa kwa sifa zake.

*Ghuba.* Kibali huombwa na mwajiri, nawe husafiri kwa viza ya kazi iliyotoka kabla hujapanda ndege. Mikataba ya kazi za nyumbani Saudi Arabia hupitia mfumo wa Musaned. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri. Kwa upande wetu, wakala lazima awe amesajiliwa: Kenya ulizia National Employment Authority, Tanzania Bara ulizia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, au ofisi za kazi, na Zanzibar ina mamlaka yake ya kazi.

*Jirani.* Protokali ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika 1 Julai 2010, na wengi wanadhani ilifuta vibali. Haikufuta. Mtanzania anayeajiriwa Nairobi na Mkenya anayeajiriwa Arusha wote wanahitaji kibali cha kazi. Nafuu iliyopo ni ya ada na utaratibu, na inatofautiana nchi kwa nchi.

Hatua ya 3: Soma tangazo kwa jicho la ruhusa

Kabla ya kusoma mshahara, tafuta maneno ya ruhusa. Matangazo ya Kiingereza yana misemo inayojirudia, nayo inafaa kuijua kama ilivyo.

"Must have the right to work" humaanisha wanataka mtu mwenye ruhusa tayari. Kundi la nne, pita.

"Visa sponsorship available" humaanisha mwajiri yuko tayari kudhamini. Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako.

"We are unable to offer sponsorship" ni mlango uliofungwa. Barua nzuri haiufungui.

Tangazo likinyamaza, usikisie. Mwandikie mwajiri mistari miwili ukiuliza kama nafasi hiyo inaweza kudhaminiwa.

Kwenye Job Bank ya serikali ya Kanada kazi imerahisishwa: tangazo lina sehemu inayotaja nani anaweza kuomba. Ikitaja raia na wakazi wa kudumu peke yao, acha. Ikiongeza waombaji wengine, "with or without a valid Canadian work permit", basi hata asiye na kibali anakaribishwa.

Kuna mtego kwenye kazi za mtandaoni. Neno "remote" halimaanishi popote duniani. Matangazo mengi huendelea "US only" au "UK based", kwa sababu za kodi, bima na sheria za kazi za mwajiri. Soma mpaka mwisho wa mstari.

Ukimaliza hatua hii, orodha yako ya kazi 40 huenda ikabaki na 5. Hayo ni mafanikio. Hizo 5 zinastahili usiku mzima wa kuandika, zile 35 zingekula bando lako bure.

Hatua ya 4: Mhakiki mwajiri mwenyewe

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Chukua Uingereza. Serikali yao inachapisha bure, kwenye gov.uk, orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi. Itafute kwa jina "Register of licensed sponsors: workers". Ni faili kubwa la jedwali. Kwenye simu linaweza kugoma, kwa hiyo lifungue kwenye kompyuta. Tafuta jina la mwajiri, kisha soma mstari wake wote:

- Jina la kisheria. Kampuni inaweza kujulikana mtaani kwa jina jingine. Jina la kisheria huwa chini kabisa ya tovuti yake au kwenye mkataba.
- Mji. Kama tangazo linasema Leeds na orodha inasema Bristol, uliza kwa nini.
- Daraja. A ni leseni kamili. B ni mwajiri aliyekutwa na kasoro, na hawezi kudhamini wafanyakazi wapya mpaka azirekebishe.
- Njia. Lazima isomeke Skilled Worker. Kuna waajiri wenye leseni ya njia nyingine kabisa, kama wahudumu wa dini au wanamichezo.

Kuwepo kwenye orodha hakutoshi. Matapeli wanaijua orodha hii kuliko sisi. Hulichukua jina la kampuni halisi yenye leseni wakalibandika kwenye ofa ya uongo. Kwa hiyo linganisha anwani ya barua pepe na tovuti rasmi ya kampuni, herufi kwa herufi. Kampuni yenye tovuti yake haikuandikii kutoka Gmail, wala haifanyi usaili kwa WhatsApp peke yake. Chukua namba ya simu kwenye tovuti yao, si kwenye barua uliyotumiwa, upige uulize kama nafasi ipo.

Kwa Ghuba, mwombe wakala namba yake ya usajili, kisha ithibitishe kwa mamlaka iliyomsajili. Leseni iliyobandikwa ukutani haitoshi. Leseni huisha muda na huchapishwa upya.

Umefaulu ukiwa na vitu vitatu daftarini: mahali ulipomwona mwajiri kwenye orodha ya serikali, tarehe uliyomwona, na jina la mtu uliyezungumza naye kupitia simu rasmi.

Hatua ya 5: Anza utambuzi wa vyeti na leseni ya taaluma mapema

Hii ndiyo hatua inayokula muda, na watu huianza mwishoni.

Kwa Ujerumani, anza na hifadhidata ya Anabin. Angalia chuo chako kama kimewekewa alama ya H+, yaani kinatambuliwa, kisha shahada yako kama imeorodheshwa. Isipokuwepo, unaomba tamko la ulinganifu kutoka ZAB, ofisi yao ya kutathmini elimu ya nje. Kwa Kanada, njia nyingi za ukazi zinataka tathmini ya elimu kutoka taasisi iliyoidhinishwa kama WES. Wahudumu wa afya wanaolenga Dubai hupitishwa kwenye uhakiki wa DataFlow, unaowasiliana moja kwa moja na chuo chako na mwajiri wako wa zamani. Kama mwajiri huyo hajibu barua pepe, utakwama kwa kosa lisilo lako. Mpigie kabla, mwambie uhakiki unakuja.

Muuguzi anayelenga Uingereza anahitaji usajili wa NMC, baraza la uuguzi na ukunga la huko: Kiingereza (IELTS kwa ujumla 7.0, kuandika 6.5, au OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya), mtihani wa kompyuta unaoweza kufanywa nje ya Uingereza, na mtihani wa vitendo unaofanyika huko huko.

Wauguzi na madaktari wa Tanzania na Uganda wajue jambo moja zaidi. Nchi hizi zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa kanuni za Uingereza, mawakala na waajiri hawaruhusiwi kuja kuwatafuta huku. Wewe binafsi unaruhusiwa kuomba moja kwa moja kwa mwajiri. Basi wakala anayezunguka vyuo vya uuguzi akiandikisha wanaokwenda Uingereza anakiuka kanuni za nchi anayodai kuiwakilisha.

Hatua ya 6: Jibu fomu kwa ukweli unaokusaidia

Fomu nyingi zina maswali mawili yanayokaribiana.

La kwanza: je, una ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi katika nchi hii sasa? Kundi la nne hujibu Hapana. Kundi la tatu hujibu Ndiyo, kisha hueleza mipaka yake.

La pili: je, sasa au baadaye utahitaji udhamini wa viza? Kundi la nne hujibu Ndiyo. Mwanafunzi aliyeko huko naye aangalie neno "baadaye". Kama viza yake itaisha na atahitaji mwajiri kumdhamini, jibu lake pia ni Ndiyo.

Usidanganye. Mwajiri wa Uingereza anawajibika kukagua ruhusa ya mfanyakazi kabla hajaanza kazi. Wa Marekani hujaza fomu ya I-9, ya kuthibitisha ruhusa ya kazi, kwa kila anayeajiriwa. Uongo utaonekana, na ukifika mpaka kwenye ombi la viza unaweza kukufungia nchi hiyo kwa miaka.

Fomu ikitoa nafasi ya maelezo, itumie. Andika kwa ufupi, kwa lugha ya fomu: wewe ni raia wa wapi, uko wapi sasa, utahitaji viza gani, ni vipengele gani vya viza hiyo umeshatimiza (lugha, usajili, tathmini ya vyeti), na unaweza kuripoti kazini baada ya muda gani tangu ofa itoke. Mwajiri anayesoma hivyo anaona mtu anayeijua njia, tena aliyekwisha kutembea nusu yake.

Hatua ya 7: Kwenye usaili, uliza mambo haya

Je, nafasi hii hasa mmeshaamua kuidhamini? Kazi hii imewekwa chini ya msimbo gani wa ajira, na mshahara unafikia kiwango cha viza? Gharama zipi mnalipa ninyi na zipi ni zangu?

Anayejibu kwa utulivu anaijua kazi yake. Anayekasirika au kukuharakisha amekujibu pia.

Hatua ya 8: Ofa imekuja. Usiache kazi bado

Linganisha ofa na mkataba: cheo, mshahara, saa, mahali. Ofa inayosema mhasibu na mkataba unaosema mhudumu wa ghala ni sababu ya kusimama hapo hapo.

Kisha angalia nani analipa nini. Uingereza, ada ya leseni, ada ya cheti cha udhamini na tozo ya ujuzi ni za mwajiri, na haruhusiwi kukutoza wewe. Zako ni ada ya viza, mtihani wa lugha, kipimo cha kifua kikuu na tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo wenye viza ya afya wamesamehewa. Mtu akikuambia ununue cheti cha udhamini kwa mamilioni ya shilingi, hicho ni kitu kisichouzwa. Vivyo hivyo LMIA ya Kanada.

Angalia tarehe. Cheti cha udhamini cha Uingereza hutumika kuombea viza ndani ya miezi 3 tangu kitolewe.

Barua ya kuacha kazi iandike viza ikishatoka na ukishaisoma: jina sahihi, aina sahihi, mwajiri sahihi, tarehe sahihi. Muulize pia mwajiri nini kitatokea kazi ikikatika. Kwa Uingereza, mwajiri akipoteza leseni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka, na walezi wengi wa Kiafrika wamekutana na barua hiyo wakiwa na mikopo ya nauli mgongoni. Kwa hiyo fika ukiwa na akiba, nakala za hati zako zote kwenye barua pepe yako, na orodha ya wadhamini wengine wa fani yako, uliowahakiki kwa njia ya hatua ya 4.